Behewa la Kontena, Behewa la Mkonge: Mwongozo wa Kukusanya Treni Ndogo Ukiwa Voi

Mabehewa ya mizigo yanapita Voi kila siku. Ukisimama kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, popote kati ya Maungu na Manyani, utayaona yakipita juu ya reli mbili zisizolingana upana. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Ujenzi wake ulianzia Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1898 mafundi walikuwa tayari wanajenga daraja la Tsavo, wakati ule simba walipokuwa wakiwavizia kambini. Reli mpya ya SGR (Standard Gauge Railway) ina upana wa milimita 1,435. Ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017 na treni zake za mizigo zikaanza kazi Januari 2018. Kisha kuna njia ya tatu, ile ya Voi hadi Taveta, iliyojengwa kwa haraka ya vita mwaka 1915 na ambayo kwa miaka mingi imelala kimya. Kwa mtu anayependa modeli za treni, hakuna mji mwingine Kenya ambao ningependa zaidi aishi.

Kwa sababu hiyo nakusihi usianze na katalogi. Wakusanyaji wengi huanza kwa kununua kinachopendeza kwenye picha, halafu baadaye ndipo wanatafuta behewa halisi linalofanana nacho. Matokeo yake ni rafu iliyojaa mabehewa ya Marekani yaliyopakwa rangi upya na kuandikwa herufi za Kenya Railways ubavuni. Behewa la Marekani ni refu kwa kimo, pana kwa kiwiliwili, na limejengwa kwa reli pana kuliko ile ya zamani ya hapa kwetu. Hata ukilipaka rangi kwa ustadi kiasi gani, mtu aliyekulia karibu na stesheni ya Voi ataliona geni kabla hajasoma herufi. Anza na behewa unaloweza kwenda kulitazama. Lijue kwanza, ndipo utafute modeli yake, au uitengeneze.

Chagua upana wa reli kabla ya kutoa pesa

Kipimo kinachotumika zaidi duniani huitwa HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Reli yake ina upana wa milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87 utapata 1,435.5, ambayo ni SGR hasa. Kwa hiyo reli ya HO ya kawaida, inayouzwa kila mahali, ni reli ya Mombasa–Nairobi bila marekebisho yoyote.

Reli ya zamani inataka hesabu nyingine. Milimita 1,000 gawanya kwa 87 ni 11.5, na watengenezaji wa Ulaya hutumia milimita 12 kwa reli za mita moja. Kipimo hicho huitwa HOm. Kampuni ya Bemo hukitumia kwa treni za milimani za Uswisi, nayo Peco na Tillig huuza reli zake. Uzuri ni kwamba HO na HOm hutumia mgawanyo uleule wa 87, basi unaweza kuziweka reli zote mbili kwenye meza moja, ya zamani na ya SGR sambamba, na ukubwa wa watu, kontena na miti ukabaki uleule. Ukitaka Voi halisi mezani, hiyo ndiyo njia.

Jihadhari na modeli za Uingereza. Waingereza hutumia OO, ambapo kila kitu kimepunguzwa mara 76.2 lakini reli ni ileile ya milimita 16.5. Behewa la OO likisimama kando ya behewa la HO huonekana limevimba, na kontena la OO ni kubwa kuliko la HO ingawa yote mawili yameandikwa futi 40. Muuzaji wa mitumba hatakueleza tofauti hiyo. Muulize kipimo kabla ya kulipa, na kama si kipimo ulichochagua, acha.

Behewa la kwanza liwe la kontena

Nashauri behewa lako la kwanza liwe lile la SGR linalobeba makontena, na sababu ni kwamba limebeba rula juu yake. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.058, upana wa mita 2.438 na kimo cha mita 2.591. La futi 40 lina urefu wa mita 12.192 na upana uleule. Vipimo hivi ni vya dunia nzima, havibadiliki kwa kampuni wala bandari. Kwa HO, kontena la futi 20 ni milimita 69.6 kwa 28 kwa 29.8, na la futi 40 lina urefu wa milimita 140.

Sasa tumia rula hiyo. Simama mbali, mahali halali, ukitazama ubavu wa treni moja kwa moja, wala si kwa pembe. Tumia lenzi ya kuvuta badala ya kusogea, maana ukiwa karibu ncha za behewa hupinda na vipimo hudanganya. Chukua picha moja ya behewa zima lenye kontena la futi 40. Nyumbani, ikuze picha kwenye skrini au ichapishe, kisha pima kwa rula. Tuseme kontena lina milimita 160 kwenye picha, na behewa lote kutoka ncha hadi ncha lina milimita 175. Gawanya 175 kwa 160, zidisha kwa 12.192, unapata takriban mita 13.3. Gawanya kwa 87: behewa lako la modeli liwe na milimita 153. Kwa njia hiyohiyo utapata umbali kati ya mabogi mawili (fremu zinazobeba magurudumu), unene wa boriti ya kati, na urefu wa sakafu kutoka kwenye reli. Kumbuka tu kwamba boriti ya kati na magurudumu yamo ndani kidogo kuliko ubavu wa kontena, kwa hiyo kwenye picha huonekana madogo kuliko yalivyo. Kadiri unavyosimama mbali, ndivyo kosa hilo linavyopungua.

Jifunze pia kusoma kontena. Mlangoni na ubavuni kuna herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya mwisho iliyotengwa ndani ya kisanduku, ambayo ni ya kuhakiki zile za mbele. Chini yake kuna alama ya aina: 22G1 ni kontena la kawaida la futi 20, 42G1 ni la futi 40, na 45G1 ni la futi 40 lililorefushwa kimo hadi mita 2.896. Hili la mwisho huwapotosha wengi. Kwa HO kimo chake ni milimita 33.3 badala ya 29.8, tofauti inayoonekana kwa jicho. Ukiona kwenye treni ya SGR kontena moja limewapita wenzake kwa kichwa, soma alama yake na uiandike. Ukipanga makontena yote kimo kimoja mezani, treni yako itaonekana kama tofali, na treni ya Mombasa haionekani hivyo.

Magurudumu nayo yana habari njema. Mabehewa ya mizigo ya kawaida ya China hutumia gurudumu la kipenyo cha milimita 840. Wamarekani wana gurudumu la inchi 33, ambalo ni milimita 838. Kwa hiyo magurudumu ya HO yanayouzwa kwa jina la inchi 33 yanafaa behewa lako bila kuchongwa. Usikubali yale ya inchi 36 hata yakiwa ya bei nafuu.

Mwisho wa behewa, tazama linavyoungana na mwenzake. SGR haina vile visahani vya kugongana vilivyozoeleka Ulaya. Ina kiunganishi kimoja cha katikati, chenye umbo la ngumi mbili zinazoshikana, kinachojifunga chenyewe mabehewa yakisukumwa pamoja. Modeli nyingi za Ulaya huja na kulabu na kitanzi, ambavyo havifanani nacho hata kidogo. Ving'oe. Weka viunganishi vya Kadee, na ukiweza chukua namba 158, ambayo kichwa chake ni kidogo na kinakaribia zaidi ukubwa wa kweli.

Treni moja ya makontena kwenye SGR hubeba kontena mia moja na zaidi za futi 20, ikivutwa na vichwa vya dizeli vya aina ya DF8B. Kwa modeli treni hiyo ingehitaji takriban mita nane za meza, na chumba cha nyumba nyingi hakina nafasi hiyo. Usivunjike moyo. Mabehewa manane au kumi yaliyofanana kwa umbo, yenye makontena ya rangi zilizochanganyika jinsi ulivyoziona kweli, yanatosha kuleta hisia ya treni nzima. Kinachoharibu ni kuweka mabehewa kumi ya aina kumi, kila moja kwa sababu lilipendeza dukani.

Kuhusu mahali pa kusimama

Njia ya SGR imezungushiwa uzio, na kuingia kwenye njia ya reli yoyote bila ruhusa ni kosa. Stesheni ina ulinzi. Ukitaka picha za karibu za bogi au alama za ubavuni, nenda kwa msimamizi wa stesheni mchana, jieleze, onyesha modeli yako au daftari lako, na ukiambiwa hapana ondoka kwa adabu. Nje ya stesheni kuna tembo. Njia za chini ya tuta la SGR zilijengwa ili wanyama wavuke kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, basi usizifanye kituo chako cha kupigia picha, hasa asubuhi na jioni.

Kwa upande wa mwanga, asubuhi jua humulika ubavu wa treni ulioelekea Tsavo Mashariki, na jioni ule unaotazama milima ya Taita. Mchana wa saa sita hadi saa tisa joto la ardhini huifanya picha itetemeke, na picha inayotetemeka haipimiki.

Reli ya zamani na njia ya Taveta

Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo panapotaka uvumilivu zaidi, kwa sababu mabehewa mengi utakayoyataka hayapo tena njiani. Amua kwanza unaonyesha miaka gani. Herufi za ubavuni ndizo zitakazokuongoza. Zilianza kama Uganda Railway, zikawa za Kenya na Uganda miaka ya 1920. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa moja ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na mabehewa yake. Rift Valley Railways ilipewa uendeshaji mwaka 2006 na kuondoka mwaka 2017. Ukichanganya herufi za vipindi viwili lazima uwe na sababu. Vichwa vya mvuke vya Garratt daraja la 59, kwa mfano, vilifika mwaka 1955 na 1956, vikiwa 34 kwa jumla, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kufikia mwaka 1980 vilikuwa vimeondoka kazini. Kufunga kimojawapo mbele ya behewa la Rift Valley Railways ni kuunda treni ambayo haikupata kupita Voi hata siku moja.

Njia ya Taveta ina hadithi inayomfaa mkusanyaji vizuri mno. Waingereza waliianza Voi mwaka 1915 ili kupeleka askari, maji na mizinga kupitia Mwatate, Bura na Maktau kwenye mapigano ya mpakani, kule Salaita, Latema na Reata. Mwaka 1916 iliungana na reli ya Wajerumani ya Tanga–Moshi pale Kahe. Wajerumani nao walikuwa wamejenga kwa upana wa milimita 1,000, ndiyo maana mabehewa yaliweza kuvuka bila kushusha mzigo. Hilo lina maana kubwa mezani kwako: kwenye njia hii, kuanzia 1948 hadi 1977, behewa kutoka upande wa Tanganyika si kosa. Mwaka 1977 mpaka ulifungwa na kuvuka kukakatika, hadi ulipofunguliwa tena 1983. Ukiweka tarehe ya treni yako kati ya 1948 na 1977, uchaguzi wako wa mabehewa unapanuka kwa haki.

Mzigo wa njia hii ulikuwa mkonge. Mashamba ya Voi, Mwatate na Taveta yalikuwa yakitoa marobota yaliyobanwa kwa mashine na kufungwa, na robota la kawaida la mkonge wa kusafirishwa nje ni kilo 250, yaani manne kwa tani. Mkonge haupendi mvua, basi ulipakiwa ndani ya behewa la kufunikwa, lenye kuta na paa la chuma na mlango wa kusukuma ubavuni. Fungua mlango wa modeli yako nusu na uweke marobota ndani. Mashamba makubwa ya mkonge bado yapo Mwatate, kwa hiyo unaweza kuomba kulipima robota kwa rula yako mwenyewe.

Kwenye reli kuu, mizigo miwili inastahili nafasi. Wa kwanza ni magadi, yanayotoka Ziwa Magadi, kuingia reli kuu pale Konza, na kuteremka Mombasa kupitia Voi. Vumbi lake jeupe huganda kwenye paa na mifereji ya behewa, na jeupe hilo juu ya chuma chenye kutu ni alama nzuri kuliko maandishi. Wa pili ni mafuta. Bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lilipoanza kazi mwaka 1978, sababu ya kuyapandisha kwa tangi kwenye kipande hiki ilipungua sana. Kwa hiyo treni yenye nusu ya matangi na nusu ya mabehewa ya kufunikwa ina mahali pake kabla ya 1978, na baada ya hapo weka matangi machache tu.

Kwa kulinganisha, nenda Makumbusho ya Reli, Nairobi, karibu na stesheni kuu. Yalifunguliwa mwaka 1971, na Garratt iitwayo Mount Gelai imesimama pale. Watu hukimbilia hiyo na behewa ambamo simba alimuua Charles Ryall pale Kima mwaka 1900. Wewe tembea kando yao ukatazame vitu vya chini: mabogi, breki, vishikio, ngazi za pembeni, misumari ya ribiti. Kitabu cha Kevin Patience, *Steam in East Africa* cha mwaka 1976, kina picha nyingi za wakati ule, na nyuma ya kila kichwa cha mvuke kuna mabehewa yanayongoja mtu wa kuyatazama.

Usiwasahau wazee. Voi na vijiji vya Taita vina wastaafu wa reli waliopakia, waliofunga breki na walioandika hati za mizigo. Mwamkie mmoja wao, kaa, peleka picha, umwombe akuonyeshe kwa kidole. Swali kama "Mzee, mlango huu ulifungwaje?" hupata jibu zuri kuliko "Nieleze historia ya reli". Atakwambia ni wapi mkono ulishika, na mahali pale rangi ilikuwa imekwisha.

Kutengeneza mwenyewe

Hutapata behewa la reli ya zamani la Kenya kwenye rafu ya duka, kwa hiyo utalijenga. Nunua mabogi ya HOm, mengine yote yanapatikana karibu. Vikombe vya mtindi vyenye alama ya 6 chini ni plastiki ileile inayouzwa ghali kwa wajenzi wa modeli, na inashika gundi yake vizuri. Karatasi ya manila iliyopakwa gundi nyembamba inafaa kwa paa. Waya mwembamba wa aina ile watoto wanayotengenezea magari unakuwa vishikio na ngazi. Kwa kuta za kontena, bana karatasi ya alumini juu ya kitana chenye meno ya karibu, uisugue kwa kijiti mpaka mikunjo itokee.

Behewa jepesi huruka kwenye reli. Wamarekani wana kanuni nzuri ya HO: anza na gramu 28, ongeza gramu 5.6 kwa kila sentimita ya urefu. Behewa la sentimita 15 liwe na gramu 112 hivi. Ficha uzito ndani ya kontena au chini ya sakafu, katikati, usiuweke juu.

Rangi ya vumbi unayo mlangoni. Chukua udongo mwekundu wa Voi, uuanike, uupepete kwa kitambaa cha soksi nyepesi, kisha pitisha sumaku juu yake mara kadhaa ili kutoa chembe za chuma. Hatua hiyo ya sumaku ni ya lazima, maana chembe zikiingia kwenye mota ya kichwa cha treni zitaiharibu. Pakaa kwa brashi laini kuanzia chini: bogi lote, kisha theluthi ya chini ya ukuta, halafu punguza kadiri unavyopanda. Ukifika njia ya Taveta, rangi ibadilike, kwa sababu kule karibu na Kilimanjaro udongo una weusi wa volkano. Nyuzi za mkonge zilizokatwa fupi zitakupa nyasi kavu za Tsavo kuliko kitu chochote cha dukani.

Kila behewa liwe na ukurasa

Tenga ukurasa mmoja wa daftari kwa kila behewa. Andika lilionekana wapi, tarehe, upande gani wa treni, herufi na namba, uzito mtupu na uzito wa mzigo ulioandikwa ubavuni, kisha vipimo ulivyokokotoa kutoka kwenye picha na vile vya modeli yako, safu mbili sambamba. Tofauti ya nusu milimita usihangaike nayo. Tofauti ya milimita tatu kwenye kimo au urefu itaonekana, na ukurasa wako utakuambia kosa limetoka kwenye picha, kwenye hesabu au kwenye kisu. Kama modeli imenunuliwa, andika pia ulichobadilisha: viunganishi, magurudumu, herufi. Picha halisi ibandikwe upande wa pili, na namba ya ukurasa iandikwe kwa kalamu ndogo chini ya sakafu ya behewa, mahali ambapo mrithi wako ataisoma akiligeuza.